Krismasi hii unamnunulia nini mtu aliyechanganyikiwa na rolakosta?

Nianze na kikombe. Miaka kadhaa iliyopita nilimnunulia mdogo wangu wa kike kikombe cha chai kwa Krismasi, kizuri tu, cheupe, kimechorwa rolakosta nyekundu, lile treni la burudani linalokimbia kwenye reli za vilima na kona, inapinduka kwenye kitanzi, pale reli inapogeuza abiria vichwa chini, na mie nikajiona nimepatia kabisaa maana huyu binti likizo zake zote anamalizia kwenye bustani za burudani, simu yake imejaa video za reli mpaka picha za familia hazina pa kukaa. Akafungua, akakigeuzageuza, akacheka mpaka akakaa chini. "Kaka, hiki kitanzi ni duara." Nikamwambia ndio, kitanzi si ndo duara? Basi nikapewa somo pale pale mbele ya watu. Kumbe kitanzi cha rolakosta hakijengwi duara kamili, kinajengwa kama tone la maji, kwa sababu zamani walishajaribu duara, kulikuwa na moja pale Coney Island mwaka 1895 inaitwa Flip Flap Railway, na watu walikuwa wanashuka wameshika shingo. Ikaja kunyooka 1976, Wajerumani wawili, Anton Schwarzkopf na mhandisi Werner Stengel, walipoleta Revolution kule Magic Mountain, California, kitanzi chenye umbo la tone, shingo za watu zikapumzika. Kwa hiyo kikombe changu kilikuwa kinavunja abiria shingo. Anacho mpaka leo, anawekea kalamu.

Nimekieleza kwa sababu ndo kosa ambalo karibu kila mtu analifanya kwa hawa watu. Unaona kitu kina picha ya rolakosta, unasema hiki hiki, unalipa, unafunga karatasi. Lakini wao hawapendi "rolakosta" kwa ujumla, wanapenda ile moja, kwenye bustani ile, waliyoipanda wamekaa siti ya mwisho mvua inanyesha. Tangu siku ile nimeshanunua zawadi nyingi za aina hii, nyingine zimepokelewa kwa kelele na nyingine kwa lile tabasamu la adabu, na nilichojifunza ni hiki: zawadi inamfurahisha kama imetoka kweli kwenye bustani anayoipenda, au kama inamrudisha huko. Vingine vyote ni kikombe changu.

Kwanza mjue ni mgonjwa wa aina gani

Usinunue chochote kabla hujapeleleza. Na kupeleleza kwenyewe ni rahisi sana, hawa watu hawahitaji kubembelezwa waongee, shida ni kuwanyamazisha. Muulize tu, hivi umeshapanda rolakosta ngapi? Akikujibu "nyingi" basi ni mpenzi wa kawaida. Akikujibu 214 bila kufikiria, huyo ni mhesabuji, wao wanaita krediti, kila rolakosta mpya aliyopanda ni krediti moja, na atapanda hata ile ya watoto yenye sura ya kiwavi magoti yakiwa mdomoni ili mradi namba iongezeke. Wapo wanaotafuta eataimu, na hapa usichanganye, sio eataimu ya vocha, ni ile sekunde makalio yanaachana na siti behewa likivuka kilima. Steel Vengeance kule Cedar Point, Ohio, iliyofunguliwa 2018 juu ya mifupa ya rolakosta ya mbao ya zamani iliyokuwa inaitwa Mean Streak, inatangazwa kuwa na sekunde 27 na kidogo za hiyo kitu, na kuna watu wanasafiri kuvuka bahari kwa ajili ya hizo sekunde 27, mie siwalaumu tena.

Alafu kuna wale ambao spidi haiwahusu kabisa. Hao ni watu wa hadithi, wanapenda zile safari za gizani zenye masanamu yanayotembea, mapambo, muziki, harufu, watakuambia Disneyland ilifunguliwa Julai 17, 1955 na Pirates of the Caribbean ikaja Machi 1967, na ukimpeleka kwenye rolakosta ya kutisha atakushikia mkoba. Na kuna wajenzi, hao wanataka kujua imetengenezwaje, kampuni gani, nguzo ngapi, kwa nini breki ziko pale.

Mtu mmoja anaweza kuwa vyote hivyo. Ila kuna kimoja kinatawala, na zawadi inafuata hicho.

Njia nyingine ya kupeleleza ambayo nimeitumia sana, angalia video anazoangalia usiku. Kama ni za mtu amekaa siti ya mbele treni inashuka, basi ni wa spidi. Kama ni za mtu anatembea tu kwenye bustani dakika arobaini bila kuongea, anaonyesha taa na majengo, huyo ni wa hadithi. Kama ni video ya saa nzima ya mtu anaeleza minyororo na sumaku, pole, umepata mjenzi.

Tiketi na pasi, hapa ndo soma taratibu

Zawadi kubwa kuliko zote kwa mtu huyu ni kumwingiza getini, hilo halina ubishi. Lakini ndo zawadi yenye mitego mingi kuliko zote na mie nimenasa. Mwaka mmoja nilinunua tiketi mbili za bustani fulani, nikaziprinti, nikaweka kwenye bahasha nyekundu, nikajisifu. Kumbe zilikuwa za tarehe maalumu, siku ambayo mwenzangu alikuwa kazini, na kuzibadilisha ilikuwa kama kuomba viza. Tangu hapo nina mpangilio wangu.

Cha kwanza, kalenda. Bustani nyingi za nchi zenye baridi zinafunga majira ya baridi, Cedar Point kwa mfano inafunga vuli mpaka kama Mei huko ndo inafungua tena, kwa hiyo ukimpa tiketi ya huko Krismasi unampa miezi ya kusubiri. Sio vibaya, wengine kusubiri kwenyewe ni nusu ya raha, wanaanza kupanga siku hiyo hiyo, ila ujue tu na umwambie. Nyingine ziko wazi muda wote, Efteling ya Uholanzi inafungua kila siku ya mwaka tangu 2010, na bustani za Disney za Florida na California hazijui baridi. Nyingine zinafungua kipindi cha Krismasi tu na taa zao na theluji ya kutengeneza alafu zinafunga tena, na hapo tiketi ya wiki ile ile ya sikukuu inaweza kuwa bomba kuliko kitu chochote, ila angalia rolakosta kubwa zinatembea au zimelala, maana kwenye baridi kali nyingi hazitembei, na mtu wa spidi ukimpeleka kuangalia taa tu atakusamehe lakini polepole.

Cha pili, jina. Tiketi za Disney haziuzwi wala kuhamishwa kwa mtu mwingine zikishaanza kutumika, na kule Florida wanakuskani kidole getini, kwa hiyo usinunue kwa jina lako ukidhani utamwachia. Pasi za msimu ndo zaidi, karibu zote zina picha ya mwenyewe. Kama bustani inauza vocha au kadi ya zawadi, nunua hiyo, umwachie mwenyewe achague siku, aandike jina lake, apigwe picha yake. Inaonekana kama uvivu lakini sio uvivu, ni heshima. Hawa watu wana hesabu zao, siku gani foleni ni fupi, rolakosta gani iko kwenye matengenezo, tarehe gani mpya inafunguliwa, usimwingilie.

Cha tatu, pasi inafungua mageti gani. Hili limebadilika juzi juzi tu, Six Flags na Cedar Fair waliungana Julai 1, 2024 wakawa kampuni moja yenye bustani nyingi sana Amerika Kaskazini, na aina za pasi nazo zikachanganywa, kuna inayofungua bustani moja tu na kuna inayofungua zote. Tofauti ya hizo mbili kwa mhesabuji ni tofauti ya baiskeli na ndege. Soma maandishi madogo. Pia usikimbilie kununua siku ya mwisho ukidhani bei itashuka, pasi nyingi zinakuwa rahisi zaidi mwishoni mwa msimu uliopita na kipindi kile cha ofa za Novemba, ukifika Desemba 20 umeshachelewa kidogo.

Kuhusu zile pasi za kuruka foleni, wazo zuri ila nyingi huwezi kuzinunua mapema. Kule Walt Disney World ile ya Lightning Lane inafunguliwa siku 7 kabla kwa wanaolala kwenye hoteli zao na siku 3 kwa wengine, na lazima mtu awe na tiketi tayari na programu yao kwenye simu. Kwa hiyo weka pesa kwenye kadi yao ya zawadi, andika kwenye bahasha "hii ni ya kuruka foleni, usinunulie soksi." Atanunua soksi. Zenye masikio. Sio kesi yako tena.

Vitu vilivyotoka kule kweli

Sasa hapa ndo napopenda mie, na ndo sehemu ambayo watu wengi hawajui hata kama ipo. Rolakosta inakula matairi kama gari. Kila behewa lina magurudumu ya aina tatu, ya juu yanayobeba uzito, ya pembeni yanayoliongoza kwenye kona, na ya chini ya reli yanayolizuia lisipae, hayo ya chini hati yake alipewa John Miller mwaka 1919 na bila yeye hamna vilima vikali wala nini, treni ingeruka tu ikaenda zake. Magurudumu ya rolakosta za chuma huwa na utando wa plastiki ngumu ya polyurethane, ukichakaa yanatolewa, na baadhi ya bustani badala ya kuyatupa zinayauza, mengine yakiwa na kibao kidogo kinachosema yametoka rolakosta gani. Mpe mtu gurudumu lililochakaa la rolakosta anayoipenda uone. Nilimpa mdogo wangu moja, zito, limechubuka, lina grisi, mama akauliza hili takataka la nini mezani, na yule binti alikuwa analia kabisa.

Vivyo hivyo vipande vya mbao. Rolakosta ya mbao ikibomolewa au ikibadilishwa reli, vipande huwa vinauzwa au vinachangishiwa pesa za hisani, vimekatwa vidogo vidogo na karatasi ya uthibitisho. Hata za chuma, zikiondoka watu wanagombania kumbukumbu. Kingda Ka ya New Jersey ilikuwa na mita 139 kwenda juu, ndefu kuliko zote duniani tangu 2005, na mwanzoni mwa 2025 wakaiangusha kwa baruti, asubuhi moja tu ikawa chini. Kama mtu wako aliipanda ile kitu, chochote cha kweli chenye jina lake kina thamani kuliko fulana kumi mpya. Ila angalia wauzaji wa mtandaoni, kipande cha mbao ni kipande cha mbao, mtu anaweza kukukatia mlango wa choo chake akaita historia. Nunua kwa bustani yenyewe, au kwa klabu ya wapenzi, au kwa muuzaji anayetoa picha na maelezo imetoka wapi.

Ramani za karatasi je? Hizi ni dhahabu ya bei poa. Zamani kila aliyeingia alipewa ramani bure, siku hizi bustani nyingi zimehamishia kwenye simu, kwa hiyo zile za miaka ya nyuma zimeanza kutafutwa. Tafuta ramani ya mwaka aliokwenda kwa mara ya kwanza akiwa mtoto, sio ya mwaka huu, ile ya mwaka ule, tia kwenye fremu yenye kioo. Kujua mwaka muulize mama yake au angalia picha za zamani. Mie naona hii ndo zawadi bora kwa uwiano wa pesa na machozi.

Na ile picha inayopigwa na kamera ya bustani wakati treni inashuka, mdomo wazi, nywele juu, wengi hawanunui wakiwa kule wanasema ghali, alafu wanajuta. Kama una bahati ulikuwa naye na ulinunua kimya kimya, iweke hadi Desemba. Kama hukununua, kuna bustani zinazohifadhi picha mtandaoni kwa siku chache tu baada ya safari, kwa hiyo wahi, usingoje.

Pini za Disney, vile vibeji vidogo vya chuma vya kubandika kwenye nguo, ni ulimwengu mwingine, ule mchezo wa kubadilishana pini ulianza rasmi 1999 na kuna watu wana makoti mazito hayavaliki kwa chuma. Kama mtu wako anakusanya usijaribu kuchagua pini moja moja, utamnunulia aliyonayo tayari au feki, na feki zimejaa kweli kweli hasa zile za mafungu makubwa ya bei ya kutupwa. Mnunulie albamu au mfuko wa kuhifadhia, hapo huwezi kukosea.

Kwa mtu wa hadithi kuna kitu cha ajabu, mishumaa. Ndio, mishumaa yenye harufu ya safari fulani. Wapenzi wa Pirates wanaijua harufu ya yale maji wakiwa wamefumba macho, wenyewe wanasema ni bromini inayowekwa kwenye maji, na kuna mafundi wadogo wadogo wanatengeneza mishumaa ya kuigiza hiyo harufu ya maji, na ya moshi, na ya ghala la zamani lenye unyevu. Unanunua harufu ya unyevu kwa hiari yako. Lakini anawasha, anazima taa, anaweka ule muziki, kwa dakika ishirini hayupo sebuleni.

Kwa mjenzi

LEGO, wale wa matofali ya plastiki ya kuunganisha, walitoa seti mbili kubwa za rolakosta ambazo utaambiwa na kila mtu. Ile ya 2018, namba 10261, ina vipande 4,124, na ile ya 2022, namba 10303, ina vipande 3,756 na vitanzi viwili. Zote zinatembea kweli, ila mota inauzwa peke yake, na hili watu wanasahau, wanampa mtu boksi kubwa asubuhi ya Krismasi alafu jioni anazungusha kwa mkono kama mashine ya kusaga. Kabla hujalipa ni bora usome nyuma ya boksi limeandikwa mota ya aina gani. LEGO pia wana tabia ya kuacha kutengeneza seti baada ya miaka michache, bei za wauzaji binafsi zinapaa, kwa hiyo ukiikuta bado iko dukani kwa bei ya kawaida usijishauri sana. Na uliza nafasi nyumbani kwake! Ile ya vitanzi inafika karibu mita moja kwenda juu. Mwenye chumba kimoja utamlazimisha kuchagua kati ya rolakosta na kitanda, na atachagua vibaya.

K'NEX, vile vijiti vya plastiki vya kuunganisha, ni rahisi zaidi na kwa mtoto mie naiona bora, inavumilia kubomolewa, na mtoto anajifunza haraka sana kwamba kilima cha pili hakiwezi kuwa juu kuliko cha kwanza kama hakuna kitu cha kulisukuma gari. Hiyo ndo fizikia yote, mengine ni mapambo.

Gemu sasa. Kizazi kizima kiliingia kwenye huu ugonjwa kupitia RollerCoaster Tycoon ya 1999, ambayo Chris Sawyer aliiandika karibu yote peke yake kwa lugha ya chini kabisa ya kompyuta, na bado inachezwa, ipo mpaka ya kwenye simu, haihitaji mashine ya maana. Ukiwa na mtu wa umri huo, mwenye kompyuta nzee, hiyo ni zawadi ndogo yenye kishindo. Anayetaka picha kali mpe Planet Coaster ya 2016 au ya pili yake ya 2024, ila hiyo ya pili kwenye konsoli inataka PS5 au Xbox Series, PS4 haikubali, nimeona mtu mzima anajaribu kuingiza akilazimisha. Na kwa mjenzi wa kweli, yule anayebishana kuhusu nguvu za g, zile zinazokukandamiza kwenye siti, kuna NoLimits 2, hiyo haina wageni wala maduka ya kuendesha, ni reli tu na hesabu, hata makampuni yanayotengeneza rolakosta huwa yanaitumia kuonyesha miradi yao. Ngumu. Usimpe mtu asiyeiomba.

Vitu vya siku yenyewe

Hizi ndo zawadi ndogo za kujazia, na zinatumika kuliko zote, ingawa kwenye karatasi ya zawadi hazivutii. Mkoba mdogo wa kiunoni wenye zipu, ule mwembamba. Sababu ni kwamba vitu vinavyoanguka kwenye rolakosta ni hatari kweli, simu ikimtoka mtu kwenye spidi ile ni jiwe, kwa hiyo bustani nyingi zimekaza, nyingine lazima uache kila kitu kwenye kabati, VelociCoaster kule Universal Orlando unapita mpaka kwenye kitambua chuma kabla ya kupanda. Kwa hiyo mkoba hautakubalika kila mahali, ila pale unapokubalika unaokoa kurudi kabatini mara ishirini kwa siku.

Kamba ya miwani, kama anavaa miwani. Hii naisisitiza. Ni kitu kidogo mno na kila mwenye miwani anajiambia atanunua, hanunui, mpaka siku miwani inabaki chini ya kilima cha pili kwenye nyasi ambazo hairuhusiwi kuingia. Pavabenki nyembamba, maana programu za bustani zinamaliza chaji saa nane mchana. Koti la mvua linalokunjika likawa kama yai. Soksi nzuri, na hapa sitanii, siku moja bustanini ni kutembea kama msafara, malengelenge yanaharibu siku kuliko foleni.

Viatu usimnunulie. Fulana mnunulie kama unajua saizi na kama ina jina la rolakosta aliyoipanda, sio aliyoiona. Kuna unafiki wanauogopa sana, kuvaa fulana ya rolakosta ambayo hujaipanda, mie mwanzo nilidhani utani. Sio utani.

Daftari la kuhesabia krediti ni zuri kwa mhesabuji ambaye bado anaandika nyuma ya risiti. Wengi wanatumia programu za simu, lakini daftari lenye karatasi nene, mahali pa tarehe, siti, hali ya hewa na alipanda na nani, linakuja kuwa kitabu cha maisha yake. Ukilianza wewe mwenyewe kwa kumjazia kurasa kumi za kwanza kutoka kwenye picha zake za zamani, umeshinda.

Uanachama

Kuna vilabu. American Coaster Enthusiasts kipo tangu 1978, na Ulaya wapo European Coaster Club na wengineo. Ukimlipia mtu mwaka mmoja anapata majarida, anapata kujulikana na watu ambao hawatamkatisha akianza kuongelea breki za sumaku, na kikubwa zaidi anaweza kujisajili kwenye zile siku ambazo bustani inawafungulia wanachama peke yao asubuhi mapema au usiku baada ya wageni kuondoka, hakuna foleni, unashuka unapanda tena hapo hapo. Kwa mtu mpweke kwenye ugonjwa wake, yule ambaye nyumbani hamna anayemwelewa, hii inashinda kila kitu nilichotaja hapo juu.

Na kwa yule ambaye ana kila kitu na ukuta umejaa, kuna jumba la makumbusho ya rolakosta pale Plainview, Texas, linahifadhi magari ya zamani, alama, michoro, linaishi kwa michango. Unachangia kwa jina lake. Wengine watakuona wa ajabu, mzee wa eataimu atakukumbatia.

Kabla hujalipa angalia haya

Kama ni mtoto, pima urefu wake kwanza, tena leo, sio ule wa mwaka jana ukutani. Rolakosta nyingi za maana zinaanzia sentimita 122, kubwa zaidi 132, nyingine mpaka 137 au 140. Mtoto wa sentimita 119 ukimpa tiketi ya kwenda kuangalia wenzake wanapanda, hiyo sio zawadi. Subiri miezi, au chagua bustani yenye vitu vya saizi yake, ziko nyingi tu na ni nzuri.

Watu wazima nao siti zina mipaka, kifua, mapaja, urefu, na wanaojijua wanajijua. Usilete utani wa mwili kwenye kadi ya Krismasi. Bustani nyingi zinaweka siti ya kujaribia nje ya foleni, na mwenyewe atajua.

Vitu vya kuagizwa kutoka duka la bustani ya nchi nyingine, agiza mwanzoni mwa Novemba, kuna maduka yao yanafunga au yanapunguza watu bustani ikishafunga msimu, alafu kuna forodha. Vitu vya kudijitali, tiketi, vocha, gemu, vina shida moja tu, havifungiki. Mie naprinti, naweka ndani ya ramani ya zamani iliyokunjwa, naweka ndani ya boksi la kitu cha hovyo kabisa, pasi ya nguo mara nyingi, naangalia uso wake kwanza ukiwa na adabu ya kushukuru pasi ya nguo.

Kama mfuko umekauka, kuna zawadi moja ambayo hailipiwi na ambayo nimeambiwa na wapenzi wasiopungua watano kwamba ndo wanayoitaka kuliko zote: mtu wa kushika mizigo. Kwa wenye watoto wadogo ni mtu wa kubaki na mtoto, maana baba na mama wanapanda kwa zamu, mmoja juu mmoja chini na kigari, na hawajawahi kukaa siti moja tangu mtoto azaliwe. Chukua kadi, andika tarehe, andika "siku hii nzima nakaa kwenye benchi na mabegi yote, sitauliza mnamaliza saa ngapi, sitasema nimechoka." Weka sahihi. Mdogo wangu nilimpa hiyo mwaka jana, akapanda kitu kimoja mara kumi na moja, mie nikakaa kwenye benchi na mabegi manne, kofia mbili na gurudumu jingine alilolinunua getini saa tatu asubuhi ambalo lilikuwa na kilo za kutosha.

Mara ya kumi na mbili alikuja akanivuta mkono. Mizigo tukaiweka kabatini. Kitanzi chake kweli sio duara, nilikiangalia mpaka tulipofika juu, baada ya hapo nilifumba macho.